Michoro ya Kuta za Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hutoka kwa watu wa aina tatu: mwenye ukuta anayetaka uchorwe, kijana anayetaka kuchora, na mpita njia aliyesimama mbele ya mchoro akataka kujua habari zake. Majibu ni ya Nairobi. Mombasa, Kisumu na Dar es Salaam zina mambo yao, na taratibu za kaunti moja si lazima zifanane na za nyingine.

Nani alianza kuchora kuta za Nairobi?

Hakuna mtu mmoja. Waliotangulia ni mafundi wa mabango: aliyechora vichwa vyenye mitindo ya nywele nje ya kinyozi, kuku na chapati kwenye ukuta wa hoteli, jino lenye mizizi nje ya kliniki ya meno, na USIKOJOE HAPA kwenye kila kichochoro. Walijua mambo mawili ambayo mchoraji wa leo bado anayahitaji: kuandika herufi inayosomeka na mtu aliye ndani ya gari linalokwenda, na kupata rangi ishike kwenye mabati.

Kibera ina mfano ninaoupenda kuliko yote. Otieno Gomba na Otieno Kota walikuwa mafundi wa mabango waliozunguka mtaani wakitafuta kazi huku wamevaa kama Wamaasai, ili wateja wawaone na wawakumbuke. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaanzisha kundi la wasanii lililochukua jina la Maasai Mbili, wakafungua studio palepale Kibera, nyumba iliyokuwa kilabu cha busaa, pombe ya kienyeji. Wasanii kadhaa wanaojulikana nje ya Kenya wamepitia mlango huo, na bado mtaa unawaona kama watu wa kawaida wa kuandikiwa bango la duka.

Vijana kuandika majina yao kwa rangi ya kupuliza kulikuja baada ya mafundi wa kwanza wa mabango, mwishoni mwa miaka ya 1990, pamoja na hip hop, wakati kundi la Kalamashaka wa Dandora walipoonyesha kwamba Kiswahili na Sheng vinaweza kubeba muziki huo. Kizazi kilichofuata ndicho kilichotupa majina kama Bankslave, Swift9, Uhuru B, Smokillah, WiseTwo na kundi la BSQ.

Je, michoro ya matatu nayo ni sanaa ya mtaani?

Ndiyo, na kwa maoni yangu ndiyo shule kubwa kuliko zote. Mtoto wa Buruburu au Rongai huziona picha hizo kila asubuhi akienda shule, miaka mingi kabla hajaingia jumba lolote la sanaa. Na fundi wa magari hupimwa hadharani: nganya, yaani matatu iliyopambwa, ikipita stegi na sura ya mwanamuziki imepinda, makanga wa gari la nyuma atalisema hilo kwa sauti.

Kaa kidogo karibu na fundi akiwa kazini. Bodi imeshapigwa msasa na kupakwa rangi ya chini. Simu yenye picha ya kufuatwa imebandikwa kwenye kioo kwa gundi ya karatasi, kompresa inanguruma nyuma yake, na mkononi ana brashi ya hewa. Haanzi na macho. Anaanza na vivuli: chini ya pua, chini ya mdomo, ubavuni mwa shingo, rangi ya kahawia nyepesi mno kiasi kwamba mwanzoni unaona kama vumbi limetua. Anarudia palepale mara nyingi hadi nyama ya shavu inainuka. Nukta nyeupe ndani ya jicho, isiyozidi punje ya mchele, ndiyo humalizia, na baada yake huja vanishi. Mtu anayefanya kazi hiyo kwenye bati lililopinda, huku mwenye gari akimpigia simu kwa sababu kila siku gereji ni hasara, ni mchoraji kamili.

Sheria imeivuta kazi hii huku na huku. Kanuni za Michuki, zilizopewa jina la waziri wa uchukuzi John Michuki, zilianza kutekelezwa Februari 2004: mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo, sare za madereva na makanga, mstari wa manjano ubavuni. Mapambo yakakatazwa. Kwa abiria mengi ya hayo yalikuwa mema, kwa mafundi wa michoro lilikuwa pigo. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta akaruhusu michoro irudi, kwa hoja kwamba ni riziki ya vijana. Novemba 2018 serikali ikaanza tena msako wa kanuni zilezile. Ukitaka kuchora gari lako, mstari wa manjano na jina la njia vibaki vinaonekana wazi, na vioo visifunikwe.

Kuta zilihusikaje na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007?

Kibera iliumia sana kati ya Desemba 2007 na Februari 2008. Katika siku hizo Solomon Muyundo, ambaye mtaa unamjua kama Solo7 na ni mmoja wa Maasai Mbili, alizunguka na rangi na brashi akiandika kila alipofikia: kwenye mabati, milango, kuta, hata barabarani. Maneno yalikuwa mafupi, "Keep Peace" na "Peace Wanted Alive". Kiufundi hapo hakuna cha kushangaza. Uzito wake uko kwenye wakati na mahali. Jirani alikuwa akichoma duka la jirani, na mtu mmoja alitoka nje na mkebe wa rangi.

Katika ghasia hizohizo reli inayopita Kibera iling'olewa. Ndiyo maana mradi wa 2012 wa vijana wa Kibera, wakishirikiana na mchoraji Joel Bergner kutoka Marekani, ulikuwa na maana kubwa: uchaguzi wa 2013 ulipokaribia walichora mabehewa ya treni ya abiria ujumbe wa amani, kwa ruhusa ya kampuni iliyoendesha reli wakati huo. Treni ilipita juu ya reli ileile, kati ya watu walewale.

Na wale tai wa 2012, ni nani waliowachora?

Mwanaharakati na mpiga picha Boniface Mwangi, ambaye alipiga picha za ghasia za 2007 na 2008 na mwaka 2009 akazitembeza barabarani katika maonyesho ya Picha Mtaani, alishirikiana na wachoraji wa grafiti, wakiwemo Swift9, Uhuru B, Smokillah na Bankslave. Mapema 2012 walianza kuchora usiku katikati ya jiji, karibu na Soko la Jiji. Asubuhi watu wakakuta mwanasiasa mwenye kichwa cha tai, ndani ya suti, ameketi kitini kwa raha zake, na maneno ya kujigamba kwamba huwaibia wapiga kura na bado watamchagua.

Watu wengi husifu ujasiri, nami nausifu. Lakini tazama pia akili iliyotumika. Tai hakuwa na jina, kwa hiyo kila msomaji alimjaza mbunge wake. Ukuta ulikuwa mahali ambapo karani, mchuuzi, mwanafunzi na mbeba mizigo wote hupita kabla ya saa mbili asubuhi. Na picha ilieleweka bila kusoma neno lolote, jambo ambalo mabango mengi ya uhamasishaji hushindwa.

Utamaduni huo haujakatika. Juni 2020, baada ya polisi kumuua George Floyd Marekani, Allan Mwangi, anayejiita Mr Detail Seven, alichora uso wake Kibera na neno HAKI, na watu wa hapa hawakuhitaji kuambiwa linawahusu vipi, kwa maana visa vya polisi kuua vijana mitaani tunavyo. Mwaka huohuo vijana wa Mathare Roots walitumia kuta za Mathare kufundisha watu kunawa mikono na kuvaa barakoa.

Nilisikia kuna mzungu aliyefunika mapaa ya Kibera kwa picha za macho. Ni kweli?

Ni kweli. Ni JR, msanii wa Ufaransa, mwaka 2009, katika mradi wake kuhusu wanawake. Alifunika mapaa ya eneo la mita za mraba 2,000 hivi kwa picha za macho na nyuso za wanawake wa Kibera, zilizochapwa kwenye turubai lisilopitisha maji. Hilo la mwisho ndilo linalonifanya niuheshimu mradi. Nyumba zilizofunikwa hazikuvuja mvua iliponyesha. Picha ilikwenda duniani na paa likabaki na mwenye nyumba.

Naweza kuchora ukuta wowote nikiona hauna mtu?

Hapana. Hakuna ukuta usio na mtu Nairobi. Kifungu cha 339 cha Kanuni ya Adhabu kinamwadhibu anayeharibu mali ya mwingine kwa makusudi na bila haki, na kifungo chake kinaweza kufika miaka mitano. Kusema kwamba umeupendeza hakukuokoi.

Nguzo na kuta za barabara kuu ziko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, barabara za mjini nyingi chini ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini, na kando ya reli ni Shirika la Reli. Majengo ya urithi yanalindwa na Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006, na hayo usiyaguse hata kama mwenyewe amekubali. Mchoro wenye jina la bidhaa au nembo ya kampuni kaunti huuhesabu kuwa tangazo, na tangazo hulipiwa. Wachoraji hukamatwa na kanjo, askari wa kaunti, kwa hili la nembo, kwa hiyo mteja akikuambia uongeze "kalogo kadogo" pembeni, mwambie kwanza alete kibali.

Basi nimwombe nani ruhusa?

Mwenye ploti ndiye anayetoa ruhusa ya kisheria. Ipate kwa maandishi, hata kama ni karatasi moja yenye jina, namba ya ploti, tarehe, sahihi na picha ya mchoro uliokubaliwa. Ruhusa ya mdomo ya keateka, msimamizi wa ploti, hufa siku mwenye nyumba anaporudi kutoka ushago.

Hapo ndipo wengi huishia, na ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Ukuta una watu wanaouishi. Kuna mama mboga aliyeegemeza meza yake hapo kwa miaka mingi, kuna wa bodaboda wanaosubiri wateja chini ya kivuli chake, kuna vijana wa besi wanaokaa mkabala nao kuanzia asubuhi hadi usiku. Mwenye ploti pengine anaishi mbali na hauoni ukuta ule zaidi ya mara moja kwa mwezi. Wao wataitazama picha yako kila siku, na wao ndio watakaoilinda au kuiacha.

Kwa hiyo nenda siku kadhaa kabla, ukiwa na mchoro kwenye karatasi. Salimia. Anza na wakubwa: mzee wa mtaa, mama mwenye kibanda. "Shikamoo mama, tunataka kuchora ukuta huu, tumekuja kwanza uone." Waonyeshe, kisha nyamaza usikilize. Utaambiwa mambo ambayo hakuna ofisi ingekuambia: kwamba mtoto aligongwa na gari pale na mtaa unataka jina lake, kwamba rangi fulani ni ya chama fulani na itapakwa matope kabla ya kukauka, kwamba maji ya paa humwagika upande wa kushoto. Panga na mama mboga atahamia wapi kwa siku hizo mbili, na kama atapoteza mauzo mlipe. Vijana wa besi wapeni kazi ya kweli yenye malipo: kukwangua, kupaka rangi ya chini, kushika ngazi, kulinda vifaa usiku.

Nimeona michoro ya gharama kubwa ikijaa matangazo ya waganga ndani ya mwezi mmoja, na picha ya kawaida kabisa ya mtoto akisoma ikakaa miaka bila doa. Tofauti ilikuwa nani alishika brashi wakati wa kupaka rangi ya chini.

Nina ukuta na pesa kidogo. Nimpateje mchoraji na nimlipe vipi?

Tafuta mchoro unaoupenda, soma jina lililo pembeni, mtafute mwenyewe. Usimpe kazi mtu kwa picha za simu tu, nenda ukaone ukuta aliouchora miaka miwili iliyopita.

Bei hukadiriwa kwa mita ya mraba, kisha huongezwa ugumu wa picha, urefu wa ukuta, rangi, ngazi au jukwaa, na usafiri. Tenganisheni pesa za vifaa na ujira. Vifaa vilipwe vyote kabla ya kuanza, na ujira angalau nusu. Kama wewe ni kampuni, mchoraji atahitaji kukupa ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi, na wewe utakata kodi ya zuio, mwambieni hilo mapema ili asishangae pesa zikija pungufu.

Na tafadhali, usimlipe kwa "kujulikana". Ukuta wa mita 40 za mraba ni siku kadhaa juani, mgongo unauma, mapafu yamejaa harufu ya thina. Mtu huyo ana kodi ya nyumba.

Rangi gani inafaa?

Kwa ukuta wa plasta, jaza maeneo makubwa kwa rangi ya maji ya nje ya nyumba, kwa rola. Rangi ya mkebe ya kupuliza iwe ya mistari, vivuli na mwanga. Mikebe mingi iliyo madukani ni ya kutengenezea magari: presha yake ni kali, ncha yake hutoa mstari mnene, na rangi hutiririka ukisimama sehemu moja. Mikebe ya wachoraji ipo lakini huagizwa nje na bei yake inauma. Wengi hununua ncha nzuri peke yake na kuziosha kila jioni.

Plasta mpya iachwe wiki nne. Ukiharakisha, chumvi nyeupe hutoka na kusukuma rangi yako nje. Bati jipya nalo halishiki rangi kwa sababu ya zinki na mafuta ya kiwandani: lioshe kwa sabuni na siki, lisuuze, likauke, kisha upake praima ya mabati. Bati la migongo lina mtego mwingine. Ukichora ukiwa umesimama mbele tu, anayekuja kutoka kushoto ataona uso uliokatika vipande. Paka pande zote mbili za kila mgongo, na kila baada ya muda shuka, tembea hadi mwisho wa ukuta, tazama kutoka kona zote mbili.

Kuhusu afya: kitambaa puani hakizuii mvuke. Nunua kinyago chenye vichujio vya mvuke kabla ya kununua rangi ya dhahabu.

Wachoraji hukuzaje picha ndogo ya simu mpaka ijae ghorofa tatu?

Njia ya zamani ni miraba: karatasi na ukuta hugawanywa kwa idadi ileile. Wengine husubiri giza na kutumia projekta, lakini hiyo inataka umeme na nafasi ya kurudi nyuma, vitu ambavyo kichochoro cha Mathare hakina.

Njia inayopendwa sasa ni ya fujo. Unajaza ukuta mzima alama zozote: herufi, namba, miduara, misalaba, kila moja tofauti na jirani yake. Unaupiga picha. Kwenye simu unaweka mchoro wako juu ya picha hiyo, ukiufanya mwepesi ili alama zionekane chini yake. Sasa kila sehemu ya uso ina anwani: pua inaanzia kwenye namba 7, kona ya mdomo imegusa mguu wa herufi K. Unapanda ngazi na kufuata anwani hizo hadi uso unatokea, na alama zote zinafunikwa na rangi.

Mchoro hudumu kwa muda gani?

Miaka michache, ukitayarishwa vizuri. Nairobi iko karibu na ikweta na juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, jua lake ni kali hata siku ya baridi. Nyekundu na waridi hupauka upesi, rangi za udongo, bluu na nyeusi hustahimili. Usichore kati ya Machi na Mei, wala mvua za vuli zikishika. Januari na Februari ni miezi mizuri. Julai hainyeshi sana, ila rangi hukauka polepole kwa ubaridi.

Naruhusiwa kupiga picha mchoro na kuitumia?

Mchoro ni kazi ya sanaa inayolindwa na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 tangu unapochorwa, hata usiposajiliwa, na ulinzi hudumu hadi miaka 50 baada ya mchoraji kufariki. Sheria hiyohiyo imetoa nafasi ya kunakili kazi zilizo mahali ambapo umma unaziona, kwa hiyo picha yako ya barabarani haina shida. Haki ya mchoraji kutajwa jina haiondoki. Mtaje. Na kampuni inayopiga tangazo lake mbele ya mchoro wa mtu impigie simu na imlipe, hata kama wakili wake atasema si lazima.

Ukienda Kibera, Mathare au Dandora, nenda na mwenyeji, na omba kabla ya kumweka mtu kwenye picha. Waliokaa mbele ya ukuta wako nyumbani kwao. Kwa anayeanza, eneo la Makumbusho ya Reli ni rahisi kufikia kutoka mjini, na kuna michoro na studio za wachoraji.

Mchoro wangu umepakwa tangazo juu. Nifanye nini?

Kama una ile karatasi ya ruhusa, mwone mwenye ploti kwanza. Mara nyingi amelipwa na kampuni ya matangazo bila kukumbuka mliyokubaliana. Andika kwenye makubaliano yako ya mwanzo kwamba akitaka kuufuta akuarifu wiki mbili kabla, angalau upate kuupiga picha nzuri. Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, hupokea malalamiko, na ukiwa umeisajili kazi kwao utakuwa na ushahidi wa tarehe.

Nina miaka 17 na sina pesa ya mikebe. Nianzie wapi?

Anza na penseli na daftari, uchore herufi za jina lako hadi ziweze kusimama bila rangi. Kisha mtafute fundi wa mabango wa mtaani kwenu, yule wa vinyozi na hoteli, umwombe umsaidie Jumamosi. Atakupa msasa na rola kwanza, na utachoka. Utajifunza kuchanganya rangi tatu zikawa kumi, kupiga mstari ulionyooka kwa uzi wenye chaki, na kuzungumza na mteja anayebadilisha mawazo katikati ya kazi. Mabaki ya rangi kwenye ndoo huwa anayatupa. Muulize kama unaweza kuyachukua, na ukuta wa choo cha ploti yenu, mwenye nyumba akikubali, unatosha kwa mchoro wa kwanza.